Gari likikataa kuwaka: tupime kwanza, tununue baadaye



Mwezi wa 6 na wa 7 ni miezi ya baridi hapa kwetu Lubumbashi, na asubuhi ya baridi ndiyo inayofunua magari yaliyochoka. Batri inapopoa, nguvu inazoweza kutoa zinapunguka. Wakati ule ule mafuta ya mota yanakuwa mazito, na mota inadai nguvu nyingi zaidi ili izunguke. Batri iliyovumilia mwaka mzima inashindwa siku hiyo.

Vikundi vyetu vingi sasa vina gari, au vinakodi moja. Likikosa kuwaka alfajiri, mboga zinanyaukia njiani na soko linafunguka bila sisi. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anangoja usafiri usiokuja. Katika haraka hiyo tunalipa chochote tunachoambiwa. Ndiyo sababu juma hili tunaandika juu ya umeme wa gari.

Yaliyopata kikundi chetu

Hiace yetu ilikataa kuwaka siku ya soko. Garaji moja ikatuambia kwamba demareri imekufa, tununue nyingine. Bei yake ilikuwa sawa na likelemba yetu ya miezi miwili. Mama mweka hazina hakufungua sanduku. Aliuliza tu: "Papa, umepima nini?" Jibu likawa: "Mama, haya si mambo ya wanawake."

Tulimwita kijana anayesoma umeme katika shule ya ufundi, akaja na multimeta yake. Yaya shofere akashika ufunguo, sisi wengine tukaandika namba katika daftari. Hatua tulizofuata ni hizi.

Hatua ya 1: Sikiliza

Zungusha ufunguo, kisha tega sikio.

Gari likinyamaza kabisa, na taa za tablo hazionekani, umeme hautoki kwenye batri. Pengine batri imekwisha, au kosi zimelegea, yaani vile vyuma vinavyobana vichwa viwili vya batri.

Likilia tak-tak-tak-tak upesi upesi, mara nyingi batri haina nguvu ya kutosha, au kosi ni chafu.

Likilia tak moja tu, shaka iko kwenye demareri au kwenye waya minene inayoilisha.

Likinyamaza huku taa za tablo zinawaka vizuri, na gari ni otomatiki, angalia kama mkono wa vitesi uko kwenye P au N. Isipokuwa hapo, demareri haipewi ruhusa ya kuzunguka. Kama uko mahali pake, tazameni kontakti ya ufunguo na rele ya demareri.

Mota ikizunguka kwa nguvu bila kushika, batri na demareri zinafanya kazi. Tafuteni upande wa mafuta, au wa bujii kwa gari la esanse. Msiendelee kuzungusha, mtamaliza batri bure.

Gari letu lililia tak moja.

Hatua ya 2: Pima batri

Multimeta ndogo ni bei nafuu kuliko demareri, na kikundi kinaweza kuinunua pamoja. Iweke kwenye volti za batri, alama ya V yenye mstari ulionyooka. Waya mwekundu uguse kichwa cha plus, mweusi uguse kichwa cha minus.

Gari likiwa limelala usiku kucha, volti 12,6 ni batri iliyojaa. Volti 12,4 ni kama robo tatu. Ikifika 12,0 au chini, ni karibu tupu, ichajiwe mbele ya kuhukumu kitu kingine. Kisha mtu mmoja azungushe ufunguo huku mwingine anasoma namba. Batri iliyojaa ikianguka chini ya volti 9,6 wakati demareri inavuta, imechoka.

Gari likikubali kuwaka, pima tena mota ikiwa inazunguka. Kwa magari mengi namba iwe kati ya 13,8 na 14,4. Ikibaki 12 na kitu, alternateri haichaji, na hata batri mpya mtakayonunua itakufa baada ya siku chache.

Batri yetu ilisoma 12,5. Haikuwa na kosa.

Hatua ya 3: Pima njia

Sisi wamama tunajua kwamba pipa likijaa maji na mpira umeziba, ndoo haijai. Umeme ni vivyo hivyo. Unatoka kwenye plus, unapita demareri, unarudi kwenye minus kwa waya wa masi uliofungwa kwenye chuma cha mota. Njia ya kurudi ikiharibika, demareri nzima itaonekana kama imekufa.

Weka ncha moja ya multimeta juu ya kichwa cha minus, ya pili kwenye chuma kitupu cha mota. Mtu azungushe ufunguo. Kama namba inapita nusu volti, njia ni mbovu. Yetu ilisoma zaidi ya volti 5. Kijana alilala chini ya gari akautoa waya wa masi: ndani ya mpira wake nyuzi zilikuwa zimeoza, zimebaki chache. Taa zilikuwa zimetudanganya kwa sababu zenyewe zinapita waya mwingine, unaofungwa kwenye bodi.

Tulinunua waya mmoja mnene. Gari likawaka, na demareri ile ile ingali inafanya kazi.

Mambo ya kulinda mwili na nyumba

Batri inapochajiwa inatoa hewa inayoshika moto upesi. Msiwashe kiberiti karibu nayo, wala msiruhusu sigara. Maji yake ni asidi. Yakigusa jicho, osheni kwa maji mengi safi na mwende hospitali. Watoto wakae mbali.

Mnapofungua kosi, anzeni na minus. Mnapofunga, minus iwe ya mwisho. Hivyo ufunguo wa kufungulia ukigusa bodi hautatoa cheche. Toeni pete na bangili.

Unga mweupe au wa kijani kwenye kosi huoshwa kwa maji ya moto yenye bikabonati, ile ile ya kupikia. Vifuniko vya batri vibaki vimefungwa, maana bikabonati ikiingia ndani inaharibu asidi. Kausheni, suguweni mpaka chuma king'ae, kisha funga sana.

Fizibo ikikatika, wekeni ya namba ile ile: nyekundu ni ya ampere 10, ya bluu 15, ya manjano 20, ya kijani 30. Msiweke kipande cha waya badala yake. Fizibo hukatika ili gari lisiungue.

Neno kwa garaji

Hatusemi kwamba mafundi ni wezi. Wengi wanafanya kazi kwa haki, na kuna kazi nyingi tusizoweza wenyewe. Tunachoomba ni fundi apime mbele yetu na kutuonyesha namba. Fundi mzuri hachukii ulizo hilo. Na kipande cha zamani kikitolewa, tukidai tukione kwa macho.

Mtoto wa shule tunamwambia: onyesha namna ulivyopata jibu. Kwa pesa ya kikundi, iliyotoka kwenye jasho la kila mama, tusidai kidogo kuliko hapo.

Maulizo ya kuzungumza kikundini

1. Nani kati yetu anajua mahali batri ya gari letu ilipo, na imewekwa mwaka gani?
2. Je, tuna daftari la gari, lenye tarehe, volti na matengenezo?
3. Mama gani wawili watajifunza kupima, ili siku mmoja akisafiri, mwingine awepo?