Taka za damu kwa mgonjwa wa figo: kwa nini siku ya kusafisha damu haisogezwi

Mwezi Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na magari yakasimama pande zote mbili yakisubiri matengenezo. Kwa abiria wengi hilo lilikuwa jambo la subira na gharama ya chakula njiani. Kwa mtu ambaye figo zake zimeshindwa kazi na ambaye huishi kwa kusafishwa damu, siku kama hizo zina hesabu nyingine, nayo hufanyika ndani ya damu yake.

Figo mbili za mtu mzima mwenye afya huchuja takribani lita 180 za majimaji kila siku, hurudisha karibu yote mwilini na kuacha kati ya lita moja na mbili zitoke kama mkojo. Kazi hiyo haina mapumziko. Mashine ya kusafisha damu, kwa utaratibu wa kawaida, hufanya kazi saa nne kwa siku tatu za wiki, yaani saa 12 kati ya saa 168. Muda wote unaobaki taka hujikusanya.

Taka inayofahamika zaidi ni yurea. Mwili unapovunja protini ya samaki, maharage au nyama, hutokea amonia ambayo ni sumu. Ini huigeuza kuwa yurea, na figo huitoa. Ya pili ni kreatinini, inayotokana na kazi ya kila siku ya misuli. Majibu ya vipimo hivi ndiyo ambayo wagonjwa na ndugu zao huyafuatilia zaidi, lakini husomwa vibaya mara nyingi. Kreatinini ikishuka kwa mgonjwa aliyekonda, huenda ni kwa sababu misuli yake imepungua, si kwa sababu figo zimepona. Aidha, yurea ndogo kwa mtu asiyekula vizuri si habari njema. Hivyo, tafsiri ya namba hizo ni vema ikaachwa kwa daktari anayemfahamu mgonjwa.

Ndani ya chujio la mashine mna maelfu ya mirija myembamba. Damu hupita ndani ya mirija, na maji maalumu yenye madini yaliyopimwa hupita nje yake kwa mwelekeo wa kinyume. Taka, ambazo ni nyingi upande wa damu, huvuka kuta za mirija kwenda upande wa maji. Kwa mwendo uliozoeleka wa mililita 500 kwa dakika, kipindi kimoja cha saa nne hutumia lita 120 za maji hayo. Ni lazima yawe yamesafishwa kwa kiwango kinachozidi sana maji ya kunywa, kwani klorini au alumini inayovumilika tumboni inaweza kumdhuru mtu ikikutana na damu yake moja kwa moja. Wananchi wanaouliza kwa nini mashine hazipelekwi katika kila kituo cha afya wanapaswa kujua kwamba mashine ni sehemu ndogo ya mahitaji. Mtambo wa maji, umeme usioyumba na wauguzi waliofunzwa ndio mzigo mkubwa.

Kipindi huhesabiwa kuwa kimefanya kazi ya kutosha iwapo yurea imepungua kwa angalau asilimia 65. Hata hivyo, si taka zote zinazotoka kwa urahisi huo. Yurea ni molekuli ndogo, nayo huvuka haraka. Zipo protini kubwa zaidi ambazo hupita kwa shida, na zipo sumu zitokanazo na bakteria wa utumbo ambazo hujishikiza kwenye protini ya damu na kubaki humo. Fosforasi hutoka kidogo kuliko inavyoingia kwa chakula, kwa kuwa sehemu kubwa imejificha ndani ya seli na mifupa. Ikizidi huleta muwasho wa ngozi, hudhoofisha mifupa na kuifanya mishipa ya damu kuwa migumu. Ndiyo maana wagonjwa wengi hupewa vidonge vya kuizuia, ambavyo humezwa pamoja na mlo. Vikimezwa saa mbili baadaye havina kazi.

Hatari ya haraka zaidi ni potasiamu. Kiwango chake cha kawaida katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5 kwa lita, na kikipita 6.5 moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Mgonjwa anaweza kuhisi miguu mizito, au asihisi chochote. Utafiti uliohusisha zaidi ya wagonjwa 32,000 nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2011, ulionesha kuwa vifo huongezeka baada ya pengo refu la siku mbili lililomo katika ratiba ya kila wiki. Hilo ni pengo lililopangwa. Barabara ikikatika pengo huwa la siku tatu au nne.

Vyakula vya mwambao vinahitaji uangalifu wa pekee katika jambo hili. Glasi moja ya maji ya dafu ina karibu miligramu 600 za potasiamu. Gramu 100 za korosho zina kiasi kama hicho cha fosforasi, na potasiamu juu yake. Muhogo haukatazwi, ila hushauriwa umenywe, ukatwe vipande vidogo, uchemshwe kwa maji mengi na maji hayo yamwagwe, jambo linalomaanisha kwamba mchuzi wake wa nazi hupikwa peke yake. Samaki waliokaushwa kwa chumvi huleta kiu, na kiu huleta maji ambayo hayana pa kutokea isipokuwa kujaa miguuni na kwenye mapafu. Birimbi nalo si la kupuuzwa: lina asidi ya oksaliki kwa wingi, na madaktari wa jimbo la Kerala nchini India wameripoti watu waliopata madhara ya ghafla ya figo baada ya kunywa juisi yake nzito. Tunda la jamii yake lenye umbo la nyota lina sumu inayoweza kumletea mgonjwa wa figo kwikwi isiyokoma, kuchanganyikiwa na hata kifo.

Upandikizaji wa figo ulianza nchini katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwezi Novemba 2017, na mwaka uliofuata katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Kwa asiye na mchangiaji, mashine inabaki kuwa njia yake ya kuishi, na kwa mkazi wa Kilwa Masoko Muhimbili iko umbali wa takribani kilomita 300. Mkazi wa Songosongo huanza safari yake kwa chombo cha baharini.

Kwa sababu hiyo, katika msimu wa masika mgonjwa anashauriwa kufuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na kusafiri mapema mvua kubwa zinapotabiriwa. Akikwama, awapigie simu wauguzi wa kituo chake siku hiyo hiyo, apunguze maji na chumvi, aache kabisa madafu, ndizi na korosho, kisha afike hospitali iliyo karibu, kama ile ya wilaya iliyopo Kilwa Kivinje, na kueleza tangu mlango wa mapokezi kwamba yeye husafishwa damu na amekosa kipindi. Kipimo cha umeme wa moyo huchukua dakika chache. Zipo dawa za dharura zinazoulinda moyo na kuisukuma potasiamu ndani ya seli, lakini haziitoi mwilini. Hununua saa chache, na katika saa hizo usafiri wa kwenda kwenye mashine unapaswa kuwa umepatikana.