Akisema "ndiyo", kazi bado

Dirisha la dawa, zahanati moja wilayani Chemba, saa nne asubuhi. Mhudumu anasukuma bahasha ndogo ya karatasi kwenye upenyo wa nondo. Juu yake kaandika kwa kalamu: 1×3. "Kimoja kutwa mara tatu, mama. Umeelewa?" Mama, mtoto mgongoni, anaitikia, "Ndiyo." Bahasha inafundikwa kwenye pindo la khanga, anaitwa anayefuata.

Kazi yangu ni kufundisha watumishi na wauza maduka namna ya kuhudumia wateja na kusimamia wenzao. Ningeruhusiwa kufuta neno moja kwenye madirisha yote ya huduma nchini, ningefuta hilo "umeelewa?". Lina jibu moja tu. Mtu mzima, foleni ikiwa nyuma yake, hasemi "hapana".

Chemba inalionyesha jambo hili kuliko kwingi nilikopita. Wilaya ilimegwa kutoka Kondoa mwaka 2012, na ndani yake wamo Warangi na Wagogo wenye lugha za Kibantu, Waburunge wenye lugha ya Kikushi, Wataturu wafugaji wenye lugha ya Kiniloti, na Wasandawe wa Farkwa na Kwa Mtoro, ambao lugha yao ina sauti za vidoko na wanaisimu bado wanabishana ina undugu na nani. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha mnadani na ofisini. Lakini kwa bibi aliyekulia Usandawe, Kiswahili ni lugha ya kuitikia salamu na kuuliza bei. Hakuwahi kuumwa wala kudai haki yake kwa Kiswahili. "Ndiyo" yake ni adabu. Anakuambia kwamba amekuheshimu, basi.

Dawa yake ni rahisi, na wauguzi wa nchi nyingi wanafundishwa hivyo: usimuulize kama ameelewa, mwombe akueleze. Ugumu uko kwenye kuomba. Ukisema "haya, rudia nilichosema", umemrudisha darasa la pili. Sema hivi: "Mama, nimeongea harakaharaka, sijui kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani utampaje mtoto hii dawa?" Lawama umejitwika wewe, na yeye kabaki na heshima yake. Inachukua nusu dakika. Wanaoniambia hawana nusu dakika wanazo dakika kumi za kugombana na mteja huyohuyo akirudi kesho.

Na tusidhani hili ni la wasiosoma. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa ndege wa Tenerife, Visiwa vya Canary, ndege mbili aina ya Boeing 747, ya KLM na ya Pan Am, ziligongana barabarani katika ukungu. Walikufa watu 583. Rubani wa KLM alikuwa ameanza kukimbiza ndege bila ruhusa ya kuruka. Mwongoza ndege, akidhani bado imesimama, alijibu "OK", kisha akaongeza kwamba wasubiri. Maneno ya kusubiri yakamezwa na mwingiliano wa redio. Tangu hapo usafiri wa anga umekaza kanuni: "sawa" tupu haitoshi, rubani anarudia maelekezo yenyewe na mwongoza ndege anasikiliza kama yamerudi yalivyotoka.

Kinachoniuma zaidi katika kisa kile ni jambo dogo. Fundi mitambo aliyekaa nyuma ya rubani aliuliza kama ile ndege nyingine imekwisha kutoka barabarani. Rubani, mkubwa kazini na mkufunzi wa marubani wenzake, alimjibu kwa uhakika kwamba imetoka. Fundi akanyamaza. Yule aliuliza swali la maana kuliko yote ya siku ile, na sauti ya bosi ikalizima.

Hapo tunaingia kwenye usimamizi. Nenda ofisi yoyote ya halmashauri au ghala la chama cha ushirika msimu wa ufuta, utaona maelekezo yanashuka kama mvua na "sawa bosi" zinapanda kama mvuke. Nimewahi kumwona msimamizi akibandika tangazo: "Kikao 10:00." Nusu ya wafanyakazi walifika saa nne asubuhi, nusu saa kumi jioni, na wa jioni wakaandikiwa barua za kujieleza. Wao walisoma Kiswahili. Yeye aliandika saa ya kizungu. Wote walikuwa wamemjibu "sawa". (Barua za kujieleza, kwa maoni yangu, alistahili kuandika yeye.)

Kuna kingine ambacho vitabu vya uongozi vya nje havikigusi kabisa. Ofisa mtendaji wa kijiji ana miaka 27. Mlinzi wa ofisi ana 60. Kwa cheo, kijana ndiye mkubwa. Kwa umri, anatakiwa kuanza na "shikamoo". Nimeona vijana wanaoona aibu kumwamkia mtu wanayemsimamia, wakaishia kutoa amri kavukavu. Mzee anaitikia "ndiyo mheshimiwa", kisha geti linabaki wazi usiku kucha. Mwamkie kwanza. Halafu: "Mzee wangu, leo usiku kuna gari la dawa. Utaratibu wa geti tufanyeje?" Atakueleza utaratibu wote, pamoja na lile kufuli bovu ambalo hukulijua. Akikosea, msahihishe pembeni. Ukimkemea mbele ya wateja hatakuletea tena habari mbaya, na habari mbaya ndizo msimamizi anazozihitaji mapema.

Upande wa mteja, neno pacha la "umeelewa?" ni "njoo kesho". Mtu ametoka Kwa Mtoro kwa bodaboda kufuata namba ya malipo, mtandao umekatika. Kosa si la karani. La karani ni kutomwambia umekatika tangu saa ngapi, na kutochukua namba yake ya simu ili ampigie ukirudi.

Nirudi dirishani. Siku ile mganga mfawidhi alikuwa akipita, akamwita yule mama kabla hajafika getini, akamwomba aeleze atakavyotoa dawa. "Nitampa vitatu usiku," akasema, "akilala." Mhudumu akaichukua bahasha, akaigeuza, akachora jua linachomoza, jua la utosini, na jua linazama, na chini ya kila moja kidonge kimoja. Mama akaiangalia kwa muda, kidole chake kikatua kwenye lile jua la tatu.

"Hili," akauliza, "kabla hajala au akishakula?"