Fuwele, Kijiwe na Kizibo: Istilahi za Mlo wa Paka Mwenye Maradhi ya Mkojo

Miongoni mwa maandishi yanayomfikia mfasiri wa Kiswahili ni vikaratasi vya maelezo vinavyoandamana na dawa na vyakula vya wanyama wa nyumbani. Wako wafasiri wanaoyadharau maandishi ya namna hii, wakiona kwamba heshima ya kazi yao imo katika sheria, katika hotuba na katika vitabu vya shule. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba karatasi moja ihusuyo mlo wa paka humtaka mfasiri uangalifu ule ule anaoutumia katika mkataba, na kwamba neno likikosewa humo kiumbe huweza kupoteza uhai.

1. Dhana yenyewe

Istilahi haiwezi kuundwa vizuri na mtu asiyeijua dhana. Kwa hiyo hatuna budi kuanza na maradhi kabla ya maneno.

Paka wa nyumbani ametokana na paka-mwitu wa Afrika ya Kaskazini na Mashariki ya Karibu, mnyama wa nchi kavu aliyezoea kupata sehemu kubwa ya maji yake katika nyama ya mawindo. Kiu yake ni ndogo, na figo zake zina uwezo mkubwa wa kubakiza maji mwilini. Matokeo yake ni kwamba mkojo wake hukolea sana. Katika mkojo uliokolea, madini huweza kujipanga yakawa punje ndogo zenye pande zilizonyooka, zisizoonekana ila kwa hadubini. Punje hizo ndizo fuwele. Zikikua na kugandamana huwa vijiwe. Tena, fuwele zikichanganyika na ute na chembe zitokanazo na uvimbe wa kibofu, hufanyika kitu laini mfano wa dawa ya meno, ambacho huweza kuuziba mrija wa mkojo. Hicho tunapendekeza kiitwe kizibo.

Vitu hivi vitatu visichanganywe. Fuwele peke yake si ugonjwa: paka mzima huweza kuwa nazo, na hata mkojo usiokuwa nazo huweza kuzifanya baada ya kuwekwa katika jokofu kabla ya kupimwa. Kijiwe huumiza kibofu na kutoa damu. Kizibo, au kijiwe kilichonasa, huzuia mkojo usitoke kabisa, na hiyo ni hatari ya haraka. Paka dume ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa mrija wake ni mrefu na mwembamba kuliko wa jike. Mkojo ukizuiwa kabisa, taka na potasiamu hujaa katika damu, na mnyama asipotibiwa hufa katika muda wa siku chache. Hali kadhalika yafaa ijulikane kwamba paka wengi wanaokojoa kwa shida hawana kijiwe chochote, bali kibofu chao kimevimba bila chanzo kinachojulikana. Ni daktari wa wanyama anayeweza kutofautisha.

2. Aina mbili za kijiwe

Vijiwe vya paka aghalabu ni vya aina mbili. Aina ya kwanza ni struviti, yaani mchanganyiko wa magnesiamu, amonia na fosfati. Aina ya pili ni oksalati ya kalsiamu. Tofauti kati yake ndiyo nguzo ya somo zima. Struviti humumunyuka tena katika mkojo iwapo paka atalishwa chakula chenye magnesiamu na fosforasi kidogo, na chenye kuufanya mkojo uwe na asidi ya kutosha. Oksalati ya kalsiamu haimumunyuki kwa chakula chochote. Haina budi kutolewa kwa upasuaji au kwa njia nyingine ya daktari, na mlo hutumika baadaye ili isirudi. Zaidi ya hayo, kuzidisha asidi kunakosaidia dhidi ya struviti huweza kuipa nafasi oksalati.

Historia inathibitisha jambo hili. Katika miaka ya 1970 na 1980 watafiti walionyesha uhusiano wa magnesiamu na struviti, na viwanda vya vyakula vya paka vikapunguza magnesiamu na kuongeza vitu vya kuleta asidi. Kituo cha uchunguzi wa vijiwe cha Chuo Kikuu cha Minnesota, nchini Marekani, kilianza kazi mwaka 1981. Mwaka huo takriban vijiwe 78 katika kila 100 vya paka vilivyopimwa vilikuwa vya struviti, na 2 tu vya oksalati ya kalsiamu. Ilipofika mwaka 2002 struviti ilikuwa imeshuka hadi 33 hivi, na oksalati imepanda hadi 55 hivi. Baadaye, vyakula vilipokwisha kurekebishwa, struviti ilipanda tena. Wataalamu wengi wanaona kwamba mabadiliko ya chakula ni miongoni mwa sababu za kupanda na kushuka huko.

Basi mfasiri anayeziita aina zote mbili "mawe ya mkojo", akaishia hapo, amefuta tofauti iliyowachukua wataalamu miaka mingi kuitambua. Msomaji wake atanunua chakula cha jiwe moja ilhali paka wake ana jingine.

Jina struviti lenyewe lisitafutiwe tafsiri. Mwanakemia Georg Ludwig Ulex aliyapa madini hayo jina hilo mwaka 1845, yalipogunduliwa mjini Hamburg, kwa kumheshimu mwanadiplomasia na mpenzi wa madini Heinrich von Struve. Jina litokanalo na mtu halina maana ya kufasiriwa. Hukopwa na kutoholewa kufuata matamshi yetu.

3. Maneno yanayopotosha

Haja. Kiswahili ni lugha yenye stara, nasi tumelelewa kusema "kwenda haja" mbele za watu. Stara hiyo ni nzuri barazani, lakini katika maelezo ya tiba ni hatari. Paka aliyezibwa mkojo huchuchumaa mara kwa mara, hujikamua na kulia, na kisitoke kitu ila matone. Mwenye paka akisoma "paka anayeshindwa kwenda haja", yamkini atadhani mnyama amefunga choo, ampe mafuta na kungoja hadi kesho kutwa. Kosa hili hutokea hata pasipo tafsiri, kwa sababu dalili zinafanana; lugha isilizidishe. Iandikwe waziwazi: "paka anayeshindwa kukojoa apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo."

Mkojo mkali. Wako wanaotumia ukali kwa maana ya asidi. Lakini katika usemi wa kila siku, mkojo mkali ni mkojo unaonuka sana, na harufu hiyo ni ya amonia, ambayo si asidi bali ni kinyume chake. Kwa hiyo sentensi "chakula hiki huongeza ukali wa mkojo" humfikia msomaji ikiwa imegeuka juu chini.

Tindikali. Neno hili ni sahihi na limezoeleka shuleni. Hata hivyo, mtu asiyesoma kemia akilisikia hukumbuka maji ya betri ya gari na majeraha ya kuungua, naye ataogopa kumpa paka chakula "kinacholeta tindikali". Katika maelezo ya umma tunapendekeza asidi, na tindikali ibaki palipo na kemikali zenye nguvu.

Kipimo cha pH. Kipimo hiki, kilichotungwa na mwanakemia S. P. L. Sørensen mjini Copenhagen mwaka 1909, kina mtego wake: tarakimu ikishuka, asidi imepanda. Saba ni katikati. Maelezo ya asili yakisema pH ya mkojo ishuke chini ya 6.5, mfasiri mwenye haraka huandika "asidi ipungue", na kwa neno hilo moja amemwamuru msomaji kuilea struviti badala ya kuiondoa.

Chumvi. Mwanakemia huviita vijiwe vyote hivi chumvi. Kwa mpishi chumvi ni ile ya mboga. Maneno "chakula chenye chumvi kidogo" hayamwambii mwenye paka habari ya magnesiamu hata kidogo. Tena, baadhi ya vyakula vya tiba huongezewa chumvi ya kawaida kwa makusudi, kwa kipimo maalumu, ili mnyama anywe maji zaidi. Pasemwe madini, na kila madini yatajwe kwa jina lake.

Kuyeyuka. Barafu na samli huyeyuka kwa joto. Sukari katika chai humumunyuka. Kijiwe cha struviti humumunyuka, nacho hutaka muda wa majuma kadhaa, si saa. Msomaji anayesoma "huyeyuka" hutazamia upesi usiokuwapo, na huacha mlo kabla ya kazi kwisha.

Dayati. Neno hili limeingia mitaani kwa maana ya kujinyima chakula ili kupunguza mwili. Paka, hasa aliyenenepa, akikaa siku kadhaa bila kula, mafuta hujaa katika ini lake na huweza kumwua. Basi "mpe paka dayati" ni maneno ya hatari. Tunapendekeza mlo kwa mpango wa ulaji, lishe kwa elimu ya chakula na mwili, na chakula cha tiba kwa kile kinachoagizwa na daktari.

4. Maelekezo ya mlo kwa Kiswahili fasaha

Ili istilahi hizi zionekane zikifanya kazi, tunatoa hapa maelekezo ambayo mfasiri hukutana nayo mara nyingi.

(a) Maji ni kwanza. Chakula cha majimaji, cha kopo au cha mfuko, kina maji kiasi cha sehemu 75 katika 100 au zaidi; chakula kikavu kina sehemu 10 hivi au pungufu. Mapendekezo yaliyotolewa mwaka 2016 na jumuiya ya Marekani ya madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani ya wanyama yalisisitiza chakula chenye maji mengi, ili mkojo uzimuliwe hadi uzito wake, ukilinganishwa na wa maji, uwe chini ya 1.030. Kuzimua ni neno letu la zamani lenye maana ya kupunguza nguvu ya kitu kwa kukitia maji, nalo linafaa hapa kuliko "kulainisha mkojo". Jambo hili hufaa kwa aina zote mbili za kijiwe. Maji safi yawekwe mahali zaidi ya pamoja, na chakula kikavu chaweza kuchanganywa na maji.

(b) Chakula cha tiba kiliwe peke yake. Hapa kosa huwa katika neno dogo. "Alishwe hasa chakula hiki" si sawa na "asilishwe kingine chochote". Dagaa wachache wenye mifupa huleta fosforasi, kalsiamu na magnesiamu, na kuivuruga hesabu ya madini ambayo chakula cha tiba kimetengenezwa kuitunza.

(c) Chakula kibadilishwe polepole. Kipya kichanganywe na cha zamani, na sehemu yake iongezwe kila siku kwa muda wa juma moja hivi, ili mnyama asikatae kula.

(d) Asidi isiongezwe mara mbili. Paka anayekula chakula cha kuleta asidi asipewe pia dawa ya kuleta asidi bila daktari. Hali kadhalika mwenye paka asijitilie chumvi chakulani kwa kukisia, maana paka mwenye maradhi ya moyo au ya figo huweza kudhurika.

(e) Chakula cha struviti si cha kila paka. Paka mchanga anayekua, paka mwenye mimba na paka mgonjwa wa figo huhitaji shauri la daktari kwanza.

5. Mapendekezo

Tunawaomba wasomaji wazipime istilahi zifuatazo na kutuandikia maoni yao:

Fuwele: punje ya madini iliyojipanga, ionekanayo kwa hadubini.
Kijiwe: fuwele zilizogandamana kuwa kitu kigumu, lazima kitajwe ni cha nini.
Kizibo: mchanganyiko laini wa ute na fuwele unaoziba mrija wa mkojo.
Struviti: madini ya magnesiamu, amonia na fosfati.
Oksalati ya kalsiamu: madini ya kijiwe kisichomumunyuka kwa mlo.
Kumumunyuka: kuingia na kupotea ndani ya maji au mkojo.
Kukolea na kuzimuliwa: hali mbili zinazopingana za mkojo, wenye maji machache na wenye maji mengi.
Chakula cha tiba: chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya maradhi maalumu.

Hakuna hata neno moja kati ya haya lililoundwa upya. Mengi tunayo tangu zamani, na machache yametoholewa. Kinachokosekana ni desturi ya kuyatumia kila moja mahali pake. Kwa hiyo, mfasiri akimaliza karatasi ya namna hii, ampe mtu asiyeijua lugha ya asili aisome, kisha amwulize maswali mawili: utampa paka nini, na utampeleka lini kwa daktari? Jibu likitofautiana na la karatasi ya asili, tafsiri haijawa tayari kuchapishwa.