Fahamu: Kikomo cha Bunge la India katika kurekebisha Katiba

Muswada uliowasilishwa Desemba 2024, unaokusudia uchaguzi wa Bunge la India na wa mabunge ya majimbo ufanyike kwa pamoja, umezua upya swali la iwapo Bunge, ambalo ibara ya 368 inalipa mamlaka ya kurekebisha Katiba, laweza kubadili lolote litakalo. Ibara hiyo haikutaja sehemu isiyoguswa. Kikomo kiliwekwa na majaji. Tarehe 24 Aprili 1973, katika shauri la Kesavananda Bharati, kiongozi wa nyumba ya watawa wa Kihindu aliyepinga sheria za mageuzi ya ardhi za jimbo la Kerala, majaji 7 dhidi ya 6 waliamua kwamba marekebisho hayawezi kuharibu muundo wa msingi, yaani nguzo zinazoipa Katiba utambulisho wake, ambazo hawakuziorodhesha kikamilifu, na hivyo wakajiachia nafasi pana mno. Serikali ya Indira Gandhi ilijibu upesi kwa kumteua A. N. Ray, aliyekuwa miongoni mwa wale 6, kuwa Jaji Mkuu, ikiwaruka majaji watatu wa upande ulioshinda waliomtangulia kazini. Hata hivyo nadharia hiyo ilidumu, na mwaka 2015 ilitumika kubatilisha marekebisho ya 99 yaliyounda tume ya kuteua majaji, ingawa hapo majaji walikuwa, kwa kweli, wakiamua jambo lao wenyewe. Nchini Kenya, Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa ziliikubali katika shauri la BBI, mpango wa kurekebisha Katiba ya 2010, lakini Mahakama ya Juu ikaikataa Machi 2022.