Mjomba Si Baba Mdogo: Lugha za Asia Mashariki Zilivyoingia Vyuo vya Marekani

Mwezi Juni 1901, uongozi wa Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York ulipokea barua fupi sana, na ndani yake hundi ya dola 12,000. Mwandishi alieleza kwamba fedha hizo ni mchango wake kwa mfuko wa masomo ya Kichina. Akatia sahihi Dean Lung, na chini ya jina akajitambulisha kuwa ni Mchina, basi. Alikuwa mtumishi wa nyumbani wa tajiri mmoja aliyeitwa Horace Carpentier, na hizo dola zilikuwa akiba yake ya miaka mingi ya kazi.

Inafaa kukumbuka hali ilivyokuwa. Tangu 1882 sheria ya Marekani iliwafungia mlango vibarua kutoka China, na Wachina waliokwisha kuingia hawakuruhusiwa kuomba uraia. Katika nchi hiyo hiyo isiyomtaka, mtumishi wa nyumbani alitoa alichokuwa nacho ili lugha yake ifundishwe chuoni. Carpentier naye akaongeza dola 100,000, na baadaye nyingine zaidi. Mwaka uliofuata chuo kikamleta profesa wa kwanza, Mjerumani Friedrich Hirth, na kutoka China serikali ya Malkia Mama Cixi ikapeleka zawadi ya ensaiklopidia kubwa ya kale yenye juzuu zaidi ya 5,000. Hadi leo Columbia wana cheo cha uprofesa chenye jina la Dean Lung.

Ni habari ambayo wazazi wengi wa Kiswahili walioko ughaibuni hawajawahi kusimuliwa. Mtoto aliyezaliwa Mombasa au Bukavu na kukulia Minnesota anarudi nyumbani likizo ya Novemba, anakaa mezani, anatangaza kwamba amechagua shahada ya Lugha na Tamaduni za Asia Mashariki. Mama anaweka kijiko chini. Baba anauliza swali ambalo kila baba angeuliza: utakula nini, mwanangu? Ni swali la haki, na jibu lake linahitaji kwanza kujua somo lenyewe lilitoka wapi.

Columbia haikuwa ya kwanza. Harvard ilimleta mwalimu wa Kichina, Ge Kunhua, kutoka mji wa Ningbo mwaka 1879, pamoja na mkewe na watoto, kwa mkataba wa miaka mitatu. Alipigwa picha akiwa na joho lake rasmi la afisa wa dola, nadhifu, uso umetulia. Wanafunzi waliojiandikisha walikuwa wa kuhesabika. Nimonia ikamuua Februari 1882, mkataba haujaisha. Vitabu alivyokuja navyo vilikuwa mwanzo wa hazina ya Kichina ya maktaba ya Harvard, ambayo leo ni miongoni mwa kubwa kabisa za aina yake nje ya Asia.

Kwa miaka sitini hivi iliyofuata, hali haikubadilika sana: mwalimu mmoja, wanafunzi wachache, vitabu vingi. Mfano unaoonyesha hali hiyo vizuri zaidi ni wa Donald Keene, kijana wa Brooklyn aliyeingia Columbia akiwa na miaka 16. Darasani alikaa jirani na mwanafunzi Mchina, na kila siku wakati wa chakula cha mchana akawa anafundishwa herufi za Kichina moja moja. Mwaka 1940, katika duka moja la Times Square, alinunua kwa senti 49 tafsiri ya Kiingereza ya Hekaya ya Genji, riwaya iliyoandikwa na bibi wa ikulu ya Japani yapata miaka elfu moja iliyopita. Aliinunua kwa sababu ilikuwa nene na bei yake ndogo.

Mwaka uliofuata alijiandikisha kwa somo la fikra za Kijapani chini ya Tsunoda Ryusaku, ambaye wanafunzi walimwita Sensei tu, yaani Mwalimu. Siku ya kwanza akajikuta yuko peke yake. Kwa aibu, akataka kujitoa ili mzee asipoteze muda. Tsunoda alimjibu kwamba mmoja anatosha. Keene alisimulia baadaye kwamba kila alipoingia alikuta ubao umejaa maandishi na meza imerundikwa vitabu, mwalimu amejiandaa kana kwamba ana ukumbi mzima wa kuhutubia.

Kisha likaja shambulio la Japani dhidi ya Pearl Harbor, Desemba 1941. Tsunoda alikamatwa kwa kuwa raia wa nchi adui, akaachiliwa baadaye na kurudi kufundisha. Keene akaenda katika shule ya Kijapani ya jeshi la majini, iliyokuwa Berkeley na ambayo mwaka 1942 ilihamishiwa Boulder, Colorado, kwa sababu walimu wake wengi walikuwa na asili ya Kijapani na watu wenye asili hiyo walifukuzwa wote katika pwani ya magharibi. Jeshi la nchi kavu nalo lilikuwa na shule yake Minnesota. Takriban watu 6,000 walipita huko, wengi wao Wamarekani wa asili ya Kijapani ambao ndugu zao walikuwa nyuma ya seng'enge katika kambi za kufungia raia. Keene alipewa kazi ya kusoma shajara zilizookotwa kwenye miili ya askari wa Japani waliokufa visiwani. Baadhi zilinuka damu. Kutokana na hizo shajara alianza kumwona adui kama binadamu, na maisha yake yaliyobaki aliyatumia kutafsiri na kufundisha fasihi ya Kijapani, kwa miaka mingi hapo hapo Columbia. Mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 89, alichukua uraia wa Japani.

Baada ya vita, wahitimu wa shule zile za jeshi ndio waliojaza idara za vyuo. Fedha zikafuata hofu nyingine. Oktoba 1957 Wasovieti walirusha setilaiti ya Sputnik, na Septemba 1958 Rais Eisenhower akatia sahihi Sheria ya Elimu ya Ulinzi wa Taifa. Sura ya Sita ya sheria hiyo ilitenga fedha kwa vyuo vifundishe lugha ambazo Wamarekani walikuwa hawazijui. Kichina na Kijapani vilikuwa katika orodha ya kwanza kabisa.

Kipengele hicho hicho ndicho kilichokuza vituo vya masomo ya Afrika, na ndani yake Kiswahili. Walimu wengi wa Kiswahili walioajiriwa Wisconsin, Indiana au Ohio, na wanafunzi wao waliopata ufadhili wa serikali wa kusomea lugha uitwao FLAS, walinufaika na mfuko ule ule uliowalipia wenzao wa Kichina. Kwa hiyo Mswahili anayeingia idara ya Asia Mashariki anaingia nyumba ya jirani ambayo fundi wake ni mmoja na aliyejenga ya kwao.

Jina la idara lina kisa chake pia. Zamani vyuo vingi viliandika neno la Kiingereza *Oriental*, yaani la upande wa mawio ya jua, na ndani ya neno hilo China, Misri na Uajemi zilitiwa kapu moja. Edward Said, naye mwalimu wa Columbia, alilichambua kwa ukali katika kitabu chake cha 1978. Taratibu idara zikabadili majina, na mwaka 2016 Rais Obama akaidhinisha sheria iliyoliondoa neno hilo katika sheria za shirikisho.

Sasa swali la baba. Shahada hii haifundishi kuongea tu. Mwanafunzi husoma historia, dini, sinema, ushairi wa kale, na mara nyingi Kichina cha zamani, ambacho ndicho kilichokuwa lugha ya wasomi wa China, Korea na Japani kwa karne nyingi. Wahitimu hupatikana katika ukalimani, ualimu, biashara, ubalozi na uchapishaji. Wengi huunganisha shahada hii na nyingine, uchumi au uhandisi kwa mfano, na huo ni ushauri mzuri. Kuna pia mpango wa JET wa serikali ya Japani, ulioanza 1987, unaowaajiri vijana wenye shahada wakasaidie kufundisha Kiingereza katika shule za huko.

Kikwazo kikubwa ni muda. Taasisi ya serikali inayowafunza wanadiplomasia wa Marekani hukadiria kwamba Kichina, Kijapani na Kikorea huchukua wiki 88, saa 2,200 za darasani. Kiswahili huchukua wiki 36, saa 900 hivi. Mwanafunzi wa chuo anayesoma saa tano kwa wiki, wiki thelathini kwa mwaka, anamaliza miaka minne akiwa na saa 600. Hajafika hata theluthi. Ndiyo maana walimu husisitiza kiangazi katika shule kama Middlebury, ambako mwanafunzi huapa kutozungumza lugha nyingine yoyote, au mwaka mzima ng'ambo. Mzazi anapaswa kuuliza mapema kama ufadhili wa chuo unamfuata mtoto anapokwenda nje.

Lakini zile saa 2,200 zimepimwa kwa mtu anayetokea kwenye Kiingereza. Zinapima umbali kutoka London, na mtoto aliyelelewa na Kiswahili nyumbani haanzii hapo.

Tazama Kijapani. Irabu zake ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu kama zetu. Silabi karibu zote huishia na irabu, hivyo neno la kigeni likiingia huvishwa irabu kama tunavyofanya sisi: wao husema *basu*, sisi basi, *hoteru*, hoteli, *shatsu*, shati. Na kitenzi hunyambulika. *Taberu* ni kula. *Taberareru* ni kuliwa. *Tabesaseru* ni kulisha. *Tabesaserareru*, neno ambalo huwatoa jasho wanafunzi wa Kimarekani mwaka wa pili, ni kulishwa. Anayejua la, liwa, lisha, lishwa ameshaijua mantiki hiyo tangu utotoni, hata kama lugha hizi hazina undugu wowote.

Kikorea kina herufi 24 tu za msingi, zilizotokana na mfumo aliouzindua Mfalme Sejong mwaka 1446, na mwanafunzi makini huzisoma ndani ya wiki moja. Ugumu uko kwenye heshima: kitenzi hubadilika kulingana na unayezungumza naye. Mtoto aliyezoea kwamba mkubwa haambiwi "mambo" bali shikamoo haoni ajabu. Lugha hii imepata wanafunzi kwa kasi, asilimia 38 zaidi kati ya 2016 na 2021 katika vyuo vya Marekani, wakati lugha za kigeni kwa jumla zilipoteza zaidi ya asilimia 16. Muziki na tamthilia za Korea zina mkono wao hapo.

Kazi ya kweli iko kwenye herufi za Kichina, na hapo Mswahili hana njia ya mkato. Serikali ya Japani huorodhesha herufi 2,136 za matumizi ya kawaida. Mti ni 木: mstari mlalo kwanza, kisha wima, kisha tawi la kushoto, mwisho la kulia. Miti miwili, 林, ni kichaka cha miti. Mitatu, 森, ni msitu. Zinaandikwa mara hamsini, mara mia, mpaka mkono ukumbuke wenyewe. Kichina cha Mandarini kina toni pia: *ma* kwa sauti ya juu iliyonyooka ni mama, na kwa sauti inayoshuka kisha kupanda ni farasi.

Kisha, ndani ya mwaka wa kwanza, linafika somo la familia. Mwalimu anachora mti wa ukoo ubaoni na darasa linaanza kuguna, maana Kiingereza kina neno moja tu kwa kaka wa baba na kaka wa mama. Kichina hakikubali. Kaka mkubwa wa baba ni *bobo*, baba mkubwa. Mdogo wake ni *shushu*, baba mdogo. Kaka wa mama ni *jiujiu*, mjomba. Dada wa baba ni *gugu*, shangazi. Mtoto wa Kiswahili anajaza karatasi yake bila kuinua kichwa, mpaka anapofika kwa bibi. Huko nyumbani bibi ni bibi, na ukitaka kufafanua unaongeza mzaa baba au mzaa mama. Kichina kimewapa kila mmoja jina lake: mzaa baba ni *nainai*, na mzaa mama ni *waipo*, au *laolao* kwa watu wa kaskazini. Hapo inabidi atue kalamu na kumsikiliza mwalimu kama wenzake.