Unaenda kazi majuu? Jua bima yako ya afya kabla ya kutuma pesa

Kutoka Thika hadi Ruiru, si rahisi kukosa mtaa wenye mtu aliye Saudia, Dubai, Ujerumani au Uingereza, au mtu anayengoja viza. Pesa ya pasipoti, medikali na tiketi huwa imepangwa mapema. Bima ya afya ndiyo huachwa mwisho, kisha inakuja kwa simu ya haraka: “Tuma pesa ya bima leo, la sivyo nafasi yako inapewa mtu mwingine.”

Kabla hujaweka PIN, jiulize maswali matatu: Nani anafaa kulipa hiyo bima? Inalipia nini? Na wale unaowaacha nyumbani wakiugua, watatibiwa kwa nini?

1. Nani anafaa kulipa?

Inategemea nchi unayoenda, na wakati mwingine aina ya kazi.

*Dubai, Abu Dhabi, Sharjah na miji mingine ya Emirati:* Bima ni jukumu la mwajiri. Abu Dhabi na Dubai zilikuwa na sheria hiyo tangu zamani. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, sharti hilo lilifika pia Sharjah, Ajman, Umm Al Quwain, Ras Al Khaimah na Fujairah, na wafanyakazi wa nyumbani wamo. Bila bima, kibali cha ukaazi hakitolewi wala hakifanywi upya. Gharama si ya kukatwa kwenye mshahara wako.

*Saudia:* Ukiajiriwa na kampuni, mwajiri ndiye analipa. Kwa kazi za nyumbani, angalia vizuri. Sharti la bima lililoanza Julai 2024 lilihusu nyumba zilizo na wafanyakazi zaidi ya wanne. Ukiwa dada wa pekee kwa nyumba, usichukulie tu kwamba kadi itakuwepo. Matibabu yako yaandikwe kwenye mkataba, na mkataba uusome ukiwa bado Kenya.

*Uingereza:* Hapa kuna ada ya afya inayolipwa pamoja na maombi ya viza: pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza kwa mtu mzima, na pauni 776 kwa mwanafunzi. Viza ya miaka mitatu inalipiwa yote kwa mpigo, kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza. Lakini anayeenda kwa viza ya wahudumu wa afya, kwa mfano muuguzi, halipi ada hiyo. Kwa hivyo muuguzi akiambiwa atume “ada ya afya ya Uingereza”, kuna kitu hakiko sawa.

*Ujerumani:* Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya ajira Septemba 2024, na wengi wanaulizia. Bima ya afya huko ni lazima. Mchango wa msingi wa bima ya umma ni asilimia 14.6 ya mshahara, pamoja na nyongeza kidogo ya shirika la bima unalochagua. Wewe na mwajiri mnagawana nusu kwa nusu. Sehemu yako inakatwa ukishaanza kazi, si ukiwa bado Ruiru. Unachohitaji kujipangia ni bima ya safari ya zile siku kabla kazi kuanza.

Ukiangalia nchi hizo zote, hakuna hata moja ambapo bima ya kazi inalipwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Pia, medikali si bima. Ule uchunguzi wa damu na kifua unaofanyiwa kabla ya kwenda Ghuba unaonyesha tu kwamba uko sawa kiafya kusafiri. Ukiugua wiki ya pili kazini, ile risiti haitakulipia hata panadol.

2. Inalipia nini?

Kuwa na kadi ni mwanzo tu. Muulize ajensi au mwajiri, na upate jibu kwa maandishi:

- *Hospitali gani zinakubali kadi hii?* Bima za bei ya chini huwa na orodha fupi. Hospitali iliyo karibu na kazi inaweza kuwa haimo.
- *Mimi nalipa kiasi gani?* Bima nyingi hukuachia sehemu. Kwa bima ya msingi iliyowekwa Sharjah na miji yenzake, ukilazwa unachangia asilimia 20 ya bili, na kuna kiwango ambacho mchango wako haupiti.
- *Ugonjwa niliokuwa nao kabla unalipiwa?* Kama una presha, sukari au pumu, sema ukweli kwenye fomu. Ukificha, bima inaweza kukataa bili wakati unaihitaji zaidi.
- *Uzazi, meno na macho je?* Mara nyingi haya huachwa nje au huwekewa kikomo.
- *Inaanza na kuisha lini?* Ukibadilisha mwajiri, kadi ya zamani inaweza kufungwa kabla mpya haijatoka.
- *Mtu akifariki, nani analipia kurudisha mwili?* Ni swali zito, lakini familia nyingi zimelijua wakati wa kuitisha mchango. Liulizwe sasa.

3. Na wale wanaobaki nyumbani?

Bima ya Riyadh haimtibu mtoto aliyebaki kwa nyanya yake Makongeni. Na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, ni ya matibabu hapa Kenya. Ukiwa kazini ng'ambo, kadi ya kutoa hospitalini ni ile ya huko. Kwa hivyo unahitaji vyote viwili: bima ya huko kwa ajili yako, SHA kwa ajili ya nyumbani.

SHA inahesabu mtu, mume au mke wake, na watoto wao. Mama na baba yako hawaingii kwa jina lako. Kila mzazi anajisajili kivyake, kwa *147# au Huduma Centre ya Thika, halafu wewe unaweza kumlipia.

Asiye na mshahara wa payslip hupimwa kipato na kupewa kiasi cha mwaka mzima. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kulipa, tumia Paybill 200222, na kwenye akaunti uweke namba ya kitambulisho *ya yule unayemlipia*, si yako.

Ukishajisajili, zahanati na vituo vya afya vya umma vya level 2 na 3 hutibu bila malipo. Lakini kulazwa Ruiru Level 4 au Thika Level 5 kunahitaji mchango uwe umelipwa. Mfanye ukaguzi kwa *147# kabla hujapanda ndege, si siku mama analazwa.

Kabla hujaweka PIN

- Hakikisha ajensi yuko kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, neaims.go.ke.
- Ukiitishwa pesa ya bima, uliza jina la kampuni ya bima na namba ya bima yako. Ipigie kampuni yenyewe, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.
- Soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama ulitarajia kampuni na umeona jina la mtu, simama hapo.
- Tunza kila ujumbe wa malipo na picha ya mkataba, na umtumie mtu mmoja wa familia nakala.

Tunasema hivi wazi kwa sababu ukishatuma kwa namba ya mtu na yeye akatoa kwa wakala, kuirudisha hiyo pesa ni ngumu sana, hata kwetu. Kazi ya kweli haipotei kwa sababu umeomba siku moja ya kuulizia. Ikipotea kwa sababu hiyo, basi bima hiyo haikuwepo.