Mbwa Mzee wa Boma Naye Ale Chakula cha Nguvu



Katika mikutano yetu hapa Kipsing tumezungumza sana juu ya mbuzi, ngamia na maji. Juu ya mbwa hatusemi kitu. Lakini usiku fisi akikaribia boma, ni nani huamka kwanza? Ni mbwa. Na mbwa akishindwa kubweka, asubuhi tunahesabu mbuzi walioliwa, na hiyo ndiyo karo ya mtoto imekwenda.

Hivi majuzi tulitembelea boma moja ng'ambo ya lugga. Mbwa wa hapo ana miaka kama kumi. Mbavu zinahesabika na miguu ya nyuma inatetemeka. Mwenye boma akatuambia, "Aah, huyu amezeeka tu, hana kazi tena." Tukauliza anakula nini. Kumbe ni makoko ya ugali, na siku ya kuchinja anatupiwa mapafu mabichi. Basi tukaona shida si uzee peke yake.

Kwa nini protini?

Mbwa akifika miaka 7 hivi, tunaweza kumwita mzee. Kuanzia hapo misuli yake hupungua. Wengine hudhani mzee anahitaji protini kidogo. Sivyo. Mbwa mzee mwenye afya anahitaji protini nyingi kuliko alipokuwa kijana, ili misuli isiishe. Ugali mtupu hautoshi, kwa sababu gramu 100 za unga wa mahindi zina gramu kama 8 tu za protini. Kipimo cha chini ambacho watengenezaji wengi wa chakula cha mbwa hufuata, kwa mbwa mzima, ni gramu 18 katika kila gramu 100 za chakula kikavu. Kwa mzee tunashauri mtafute 25 hivi.

Lakini angalieni: mbwa anayekunywa maji mengi kupita kawaida na kukojoa sana huenda figo zake ni mgonjwa. Huyo aonwe na afisa wa mifugo kwanza, kabla ya kuongezewa protini.

Ukinunua dukani

Chakula kikavu cha mbwa hupatikana katika miji mikubwa. Maandishi ya gunia mara nyingi ni ya Kiingereza, kwa hiyo mwombeni mwanafunzi awasomee mambo haya:

1. Protini ni asilimia ngapi? Ikiwa chini ya 18, kiacheni.
2. Kitu cha kwanza katika orodha ni nini? Kilicho kingi ndicho huandikwa kwanza. Nyama au samaki akitangulia ni vizuri kuliko mahindi.
3. Mwisho wa kutumika ni lini? Msinunue kilichopita tarehe, wala kile kinachopimwa kutoka gunia lililokaa wazi.

Mbwa mzee mara nyingi ana meno mabovu. Lowesheni chakula kwa maji ya vuguvugu mpaka kilainike.

Ukitengeneza nyumbani

Tunajua gunia hilo ni ghali kwa wengi wetu. Kuna njia nyingine. Chukueni kilo 2 za unga wa mahindi na kilo 1 ya omena mkavu, aliyepepetwa mchanga na kusagwa. Unga utatoa gramu 160 za protini, na omena gramu kama 550. Jumla ni 710 katika kilo 3, yaani karibu gramu 24 katika kila 100. Si mbaya hata kidogo!

Wekeni mchanganyiko huo kwenye mkebe wenye kifuniko, mahali pakavu. Mbwa wa kilo 15 hadi 20 apikiwe kama robo kilo kwa siku, igawanywe mara mbili, asubuhi na jioni. Akizidi kukonda, ongezeni, akinenepa, punguzeni. Mara moja kwa wiki apate kipande cha ini lililochemshwa vizuri. Kitunguu asipewe, ni sumu kwake. Mifupa iliyopikwa pia asipewe, kwa maana huvunjika na kuchoma matumbo.

Unga wenye ukungu msimpe. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya ukungu yaliua watu 125 huku Ukambani na jirani zake. Sumu hiyo huua mbwa vilevile.

Na tuseme wazi: wakati wa njaa, watoto kwanza. Omena wa mtoto asiende kwa mbwa.

Mapafu mabichi ni hatari kwetu sisi

Hapa ndipo penye jambo kubwa. Mkichinja, mara nyingine mnaona vifuko vya maji kwenye ini au mapafu. Mbwa akila vifuko hivyo vibichi, tegu wadogo sana hukua tumboni mwake. Mayai yao hutoka na kinyesi chake, hushika kwenye manyoya, maji na mikono ya watoto. Mtu akiyameza, vifuko huota ndani yake polepole, pengine miaka mingi, mpaka tumbo linavimba na kuhitaji upasuaji. Turkana ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani, hata AMREF ikaanzisha kampeni huko mwaka 1983.

Kwa hiyo: ini na mapafu yakatwe vipande na yachemke nusu saa kamili kabla ya mbwa kupewa. Yenye vifuko vingi yachomwe au yafukiwe chini sana. Mbwa awe na chombo chake, asirambe sufuria za watu. Watoto wanawe mikono. Tena mwulizeni afisa wa mifugo dawa ya tegu, na chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Hata mzee asiyetoka bomani achanjwe.

Yule mwenye boma alituuliza, "Sasa, atabweka tena?" Hatukumwahidi. Tulimwambia ajaribu miezi miwili, na mapafu yaingie sufuriani kuanzia siku hiyo.

Maswali ya kuzungumzia kikundini

1. Katika maboma yetu, nani hulisha mbwa, na humpa nini?
2. Siku ya kuchinja, nani atasimamia kuchemsha au kufukia vifuko?
3. Je, tunaweza kuchanga, tununue omena kwa pamoja na kumwita afisa wa mifugo siku moja kwa mbwa wote?